Pikapu Mpya ya Dizeli Inayorudi Gereji Kila Mara: Namna ya Kulifuatilia Tatizo Hadi Litengenezwe

Anayenunua pikapu mpya ya dizeli hutarajia kwamba kwa miaka kadhaa hatakwenda gereji isipokuwa kubadilisha oili na vichujio. Ndiyo maana taa ya injini inapowaka kabla gari halijafikisha hata kilomita 20,000, hasira inayompata haitokani na hitilafu peke yake, bali pia na kumbukumbu ya pikapu kuukuu aliyoiuza, ambayo ilibeba mzigo uleule kwa miaka mingi bila kumdai zaidi ya mafuta na tairi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, hasa yule ambaye gari lake limekwisha kurudi gereji mara mbili au tatu, na kila mara akarudishiwa funguo kwa maneno yaleyale: "Tumelipima, hatukuona kitu."

Maneno hayo yanaudhi, lakini mara nyingi si uongo. Hitilafu nyingi za pikapu za kisasa hujitokeza katika hali maalumu tu, kwa mfano gari likipanda mlima na mzigo, injini ikiwa baridi, au mfumo wa moshi ukiwa katikati ya kujisafisha, na fundi anayewasha gari tupu uani kwa dakika kumi hawezi kuziona. Mwenye gari ndiye aliyekuwapo tatizo lilipotokea, kwa hiyo ushahidi anao yeye, nao hupotea haraka usipokusanywa.

Kilichobadilika chini ya boneti

Injini za dizeli za zamani zilikuwa na pampu iliyosukuma mafuta kwa zamu kwenye kila nozeli, yaani kifaa kinachopulizia mafuta ndani ya silinda, na kazi yote ilifanywa na chuma dhidi ya chuma. Tangu mwaka 1997, Alfa Romeo 156 ilipoingia sokoni na mfumo wa reli, yaani bomba moja nene linalohifadhi mafuta kwa ajili ya nozeli zote, mambo yalibadilika: kompyuta ndiyo inayoamua nozeli ifunguke lini na kwa muda gani, na mgandamizo ndani ya reli hiyo katika injini za sasa unaweza kuzidi mara 2,000 ule wa hewa tunayovuta. Matundu ya nozeli ni membamba kiasi cha kukaribia unene wa unywele. Uchafu au maji ambayo pampu ya zamani ingeyavumilia kwa kukohoa moshi kidogo, mfumo huu hauyavumilii hata kidogo.

Juu ya hayo kuna vifaa vya kusafisha moshi. Vali ya EGR hurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza joto la mwako na gesi za nitrojeni zinazotokana nalo. Kichujio cha masizi, ambacho mafundi hukiita DPF, hunasa masizi kabla hayajatoka nje. Na katika magari mengi yaliyotengenezwa kufuata kanuni za Ulaya za Euro 6, zilizoanza kutumika kwa aina mpya za magari madogo mwaka 2014, kuna tangi la kimiminika cha urea kinachopuliziwa kwenye bomba la moshi ili kupunguza gesi hizohizo za nitrojeni. Kwa maoni yangu, mtu anayesema kwamba "injini za siku hizi ni mbovu" mara nyingi analaumu kitu kisicho na hatia. Injini yenyewe huwa nzima, na kinachoisumbua ni sensa (vifaa vya kuhisi na kupima), vali na vichujio vilivyoizunguka, ambavyo kimojawapo kikilalamika, kompyuta hupunguza nguvu za gari zima ili kulilinda.

Siku taa inapowaka

Usizime gari kwa hasira na kuliwasha tena ili kuona kama taa itaondoka. Simama mahali salama, acha injini iendelee kuunguruma, kisha piga picha ya dashibodi ambayo taa zote zilizowaka zinaonekana pamoja na kilomita. Andika palepale, kwenye daftari au kwenye simu: tarehe na saa, mwendo uliokuwa nao, uzito wa mzigo kwa makadirio, kama ulikuwa ukipanda au kwenye tambarare, muda ambao injini ilikuwa imewaka, kiasi cha mafuta tangini, na mahali ulipojaza mara ya mwisho. Mambo haya yanaonekana madogo, lakini yakiandikwa mara tatu huanza kuonyesha mpangilio. Pikapu yangu ilikuwa ikipoteza nguvu "bila sababu" kwa miezi minne, hadi daftari liliponionyesha kwamba kila mara tangi lilikuwa limeshuka chini ya robo na nilikuwa nikipanda mlima mrefu. Gereji iliyokuwa imebadilisha sensa mbili bila mafanikio iligundua baada ya hapo kwamba bomba la kunyonya mafuta ndani ya tangi lilikuwa na ufa.

Inafaa pia kununua kifaa kidogo cha kusoma misimbo ya hitilafu, kinachochomekwa kwenye soketi yenye pini 16 ambayo kwa kawaida iko chini ya usukani. Soma misimbo, piga picha, kisha tafuta ukurasa unaoonyesha hali ya injini wakati hitilafu ilipoandikwa, yaani joto, mwendo, mgandamizo wa mafuta na mzigo wa injini. Ukurasa huo ndio wenye thamani kuliko yote, nao hufutika pamoja na misimbo. Kwa hiyo usifute chochote. Watu wengi hufuta ili taa izimike, wakafika gereji na gari lisilo na kumbukumbu yoyote, kisha wakashangaa kuambiwa kwamba halina tatizo.

Jihadhari vilevile na tafsiri ya haraka. Msimbo hutaja dalili, hautaji kifaa kilichokufa. P0087, kwa mfano, unasema kwamba mgandamizo wa mafuta kwenye reli uko chini, jambo linaloweza kusababishwa na kichujio kilichoziba, hewa inayoingia kwenye bomba, pampu iliyochoka, nozeli inayovuja au sensa inayodanganya. P0401 husema kwamba moshi unaorudi kupitia EGR hautoshi, na P2463 kwamba masizi yamejaa kwenye kichujio. Fundi anayesoma P0087 na kuagiza pampu mpya kabla ya kupima lolote anabahatisha, hata kama amevaa sare safi.

Masizi, oili na safari fupi

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa, na hapa ndipo mwenye gari ana uwezo mkubwa zaidi wa kubadilisha mambo. Kichujio cha masizi kikijaa, kompyuta huongeza mafuta kidogo baada ya mwako ili joto la moshi lipande hadi kama nyuzi 600 za Selsiasi na masizi yaungue. Kazi hiyo huchukua dakika kadhaa za mwendo usiokatika. Gari linaloendeshwa safari za dakika kumi, likazimwa, likawashwa tena na kuzimwa, halipati nafasi ya kuimaliza. Huanza, hukatizwa, huanza tena, na masizi huendelea kurundikana.

Jifunze kutambua kazi hiyo inapoendelea. Injini huunguruma kwa kasi kidogo kuliko kawaida ukiwa umesimama, matumizi ya mafuta yanayoonyeshwa kwenye dashibodi hupanda, feni huendelea kuvuma hata baada ya gari kuzimwa, na pengine utasikia harufu ya kitu kinachoungua. Ukiona dalili hizo, endelea kuendesha kwa mwendo wa wastani usiobadilikabadilika kwa dakika 15 hadi 20 badala ya kuegesha. Usiegeshe kamwe juu ya nyasi kavu wakati huo, kwa sababu bomba huwa na joto la kuwasha moto. Taa ya kichujio ikiwaka peke yake, safari ya namna hiyo huenda ikatosha. Ikianza kumweta, au ikiwaka pamoja na taa ya injini, acha kujaribu na upeleke gari likachomwe masizi kwa mashine gereji.

Sasa chomoa kijiti cha kupimia oili. Fanya hivyo asubuhi, gari likiwa limelala mahali tambarare, ufute kijiti, ukirudishe, ukichomoe tena. Wengi huangalia kama oili imepungua, ilhali katika gari la aina hii unapaswa kuogopa zaidi ikiwa imeongezeka. Mafuta yale ya ziada, kazi ya kuchoma masizi inapokatizwa mara kwa mara, huteremka kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Ukikuta alama imepita ile ya juu, oili ni nyepesi ikidondoka kidoleni na inanuka dizeli, ibadilishe kabla ya kuendelea na safari ndefu, hata kama kitabu cha gari kinasema bado kuna kilomita 5,000. Oili iliyochanganyika na dizeli hailindi beringi wala turbo, na ikizidi sana injini inaweza kuivuta na kuiunguza yenyewe.

Aina ya oili nayo ina uzito. Masizi huungua, lakini majivu yanayotokana na viambato vya oili hayaungui. Hubaki ndani ya kichujio milele. Ndiyo sababu watengenezaji hutaka oili yenye majivu machache, ambayo kwa viwango vya Ulaya hupatikana katika kundi la ACEA C. Soma kitabu cha gari, nunua ile iliyotajwa, na utunze risiti.

Urea na dizeli

Kimiminika cha urea, kinachojulikana na wengi kwa jina la AdBlue, ni asilimia 32.5 ya urea, na kinachobaki ni maji yaliyotolewa madini. Maji ya bomba hayawezi kukaa mahali pake. Kikivuja huacha unga mweupe kama chumvi kuzunguka mfuniko na nozeli yake, na unga huo ndio dalili ya kwanza ya kutafuta wakati dashibodi inapoanza kuhesabu kilomita zilizobaki kabla injini haijakataa kuwaka. Hesabu hiyo haipuuzwi. Ikifika sifuri, gari likizimwa haliwaki tena hadi tatizo litatuliwe. Ukikosea ukamimina urea kwenye tangi la dizeli, usigeuze ufunguo hata kidogo, kwa sababu pampu ikianza kuzunguka utakuwa umesambaza uharibifu kwenye mfumo mzima.

Kuhusu dizeli yenyewe, fungua kizibo cha kumwagia maji chini ya kichujio cha mafuta kwa ratiba ya kitabu, na mapema zaidi ukitilia shaka mafuta. Kinga kwenye chupa ya kioo, uiache itulie. Maji hukaa chini na mstari wa kuyatenganisha huonekana wazi. Jambo la kuchukua kwa uzito ni kwamba pampu ya mgandamizo mkubwa ikisagika, vipande vya chuma husafiri hadi kwenye kila nozeli, na jibu la kawaida la muuzaji ni kwamba mafuta yako yalikuwa machafu, hivyo dhamana haihusiki. Mwenye risiti za mafuta na chupa ya sampuli iliyochukuliwa kabla gari halijaguswa ana la kujibu. Omba pia kichujio cha mafuta kilichotolewa kikatwe mbele yako, ili uone kilichonaswa ndani.

Kuzungumza na gereji

Hati unayotia saini wakati wa kukabidhi gari ndiyo itakayosomwa baadaye, si maneno mliyobadilishana kaunta. Ukikuta imeandikwa "mteja analalamika gari halina nguvu", ikatae kwa adabu na uombe iandikwe hivi: "Gari hupoteza nguvu na haliendi zaidi ya kilomita 60 kwa saa likipanda mlima na mzigo, injini ikiwa imewaka zaidi ya nusu saa, limefanya hivyo tarehe 3, 9 na 14, picha za misimbo zimeambatishwa." Sentensi ya namna hiyo humlazimisha fundi kulijaribu gari katika hali hiyo. Jitolee kwenda naye, wewe ukiwa dereva.

Kila mara gari linapotoka gereji, chukua nakala yenye tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, kilichopimwa na kilichobadilishwa, hata kama hakikubadilishwa kitu. Uliza kama kuna programu mpya ya kompyuta ya gari au taarifa ya kiufundi inayohusu dalili hiyo, na utafute kwa namba ya chasisi kama gari limeitwa kurudishwa na mtengenezaji. Hitilafu ileile ikirudi mara ya tatu, acha kubishana na kaunta; andika barua kwa mtengenezaji, ukiambatisha nakala zote, na uombe mhandisi wake alione gari.

Sheria hutofautiana baina ya nchi, na inafaa kuzisoma mapema kwa kuwa nyingine zina muda mfupi. Nchini Uingereza, sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kurudisha bidhaa yenye kasoro na kudai fedha zake zote. Marekani, kuanzia jimbo la Connecticut mwaka 1982, majimbo yalitunga sheria zinazohesabu idadi ya matengenezo yaliyoshindwa na siku ambazo gari limekaa gereji. Mahali penye sheria za namna hii, nakala zako ndizo hesabu yenyewe.

Katika kipindi hiki utapata ushauri wa kutoa kichujio cha masizi, kuziba EGR na kubadilisha programu ya kompyuta ili "gari lipumue". Naelewa kwa nini unavutia. Lakini katika nchi nyingi ni kosa kisheria, na katika dhamana humpa mtengenezaji sababu aliyokuwa akiitafuta ya kujitoa.

Miezi miwili kabla ya dhamana kuisha, kwa muda au kwa kilomita, chochote kitakachotangulia, peleka gari likakaguliwe upya na uwasilishe barua inayoorodhesha kila hitilafu ambayo haijapona, hata ile inayotokea mara moja kwa mwezi. Hakikisha nakala yako inapigwa muhuri wa siku hiyo na kuandikwa kilomita, kwa kuwa hitilafu iliyopokelewa kwa maandishi ndani ya dhamana ina nafasi kubwa ya kutengenezwa kwa gharama ya mtengenezaji hata baada ya muda kupita.