Skrinseva nyepesi kwa kompyuta ya zamani (Windows XP na 7)

Juzi nilimsaidia jirani ambaye feni ya kompyuta yake ilikuwa ikivuma kila akiiacha peke yake. Tatizo lilikuwa skrinseva (picha zinazojitokeza kwenye skrini kompyuta isipoguswa) ya samaki wa 3D aliyoipakua mtandaoni. Mashine isiyo na kadi nzuri ya picha huiachia prosesa kazi yote ya kuwachora.

1. Pima. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda "Performance", acha dirisha wazi. Skrinseva ikishawaka dakika moja, gusa mausi uangalie grafu ya CPU (prosesa). Ikiwa ilipanda ikang'ang'ania juu, kisha ikashuka ulipogusa, tatizo ni hilo.

2. Weka "Blank", skrini nyeusi tupu. XP: bofya kulia kwenye deskitopu, "Properties", "Screen Saver". Windows 7: "Personalize", kisha "Screen Saver". "3D Pipes" (skrinseva ya mabomba) siiweki kwenye mashine kongwe, ingawa ilikuja na XP yenyewe.

3. Ondoa ile nzito. Hapa usikimbie. Faili la skrinseva (.scr) si picha, ni programu kamili kama .exe, na linaweza kufanya lolote ndani ya kompyuta. Anzia "Add or Remove Programs" ndani ya "Control Panel". Kwenye 7 ni "Programs and Features". Isipoonekana humo, litafute faili lake ndani ya C:\Windows\System32. Usilibofye mara mbili, litawaka. Usifute usichokijua pia: logon.scr, ssmyst.scr na sspipes.scr ni za Windows. Ukishafuta, zima kompyuta na uwashe tena. Samaki wakirudi, kuna kiprogramu kinachoamka pamoja na Windows: andika msconfig kwenye "Run", fungua "Startup", toa tiki kwenye jina lake. Halafu pitisha antivirusi. Mwisho, ndani ya "Folder Options" (nayo imo "Control Panel") toa tiki kwenye "Hide extensions for known file types". Bila hivyo, harusi.jpg.scr itaonekana harusi.jpg, na mtoto ataifungua akitafuta picha.

4. Zima monita. "Control Panel", "Power Options", weka monita izime baada ya dakika 10. Skrinseva zilikuwa na maana kwa monita za kichogo, ambazo picha ikiganda saa nyingi huacha alama kwenye kioo. Kwa monita bapa, "Blank" huacha taa ya nyuma ikiendelea kula umeme. Kuzima ndiyo kinga bora kwa zote mbili. "Blank" ibaki tu kama unataka kompyuta iombe nenosiri ukirudi: weka tiki ya "On resume" chini yake.