Zuwakulu mtini, Barbet majini

Jina Barbet lina wenyewe wawili. Mmoja ni ndege mnene wa nchi za joto, mwenye kichwa kikubwa na mdomo mzito, ambaye kwa Kiswahili anaitwa zuwakulu. Mwingine ni mbwa wa maji wa Ufaransa, mwenye manyoya ya kujisokota tangu kichwani hadi kwenye vidole. Jina lao limetoka mahali pamoja: ndevu, barbe kwa Kifaransa, barba kwa Kilatini. Ndege ana singa ngumu zinazozunguka shina la mdomo, na mbwa ana ndevu ndefu zinazoning'inia kidevuni. Anayetaka kumtunza yeyote kati yao aanzie hapohapo mdomoni. Mdomo wa ndege ndio unaochimba nyumba, na ndevu za mbwa ndizo zinazobeba maji, makombo na uvundo.

Zuwakulu: sikio kwanza, darubini baadaye

Zuwakulu wa Afrika wamo katika familia ya Lybiidae, wa Asia katika Megalaimidae, wa Amerika katika Capitonidae. Wote ni jamaa wa gogota na tukani, na undugu huo unaonekana miguuni: vidole viwili vinaelekea mbele, viwili nyuma. Wengi wana nyekundu, njano au kijani kali, lakini rangi hizo hazimfichui. Akitulia katikati ya majani na matunda utampita mara kumi bila kumwona.

Kwa hiyo sikiliza. Wale wadogo wa jenasi Pogoniulus hupiga noti moja tu isiyobadilika, kama nyundo ndogo juu ya chuma. Pogoniulus bilineatus hupiga mapigo machache, hunyamaza kidogo, kisha huanza tena. Pogoniulus pusillus huendelea mfululizo bila kituo. Huko Asia, Psilopogon haemacephalus naye hulia kama mfua shaba. Wengi humkosa kwa sababu wanaikimbilia sauti. Ndege akigeuza kichwa huku na huku, sauti huonekana kuhama ilhali yeye hajasogea hata hatua. Simama mahali pamoja kwa dakika kumi, kisha kagua vilele vya matawi makavu kimoja baada ya kingine, kutoka juu kushuka chini.

Lybius torquatus, mwenye uso na koo jekundu lililozungukwa na ukanda mweusi, ni rahisi zaidi. Dume na jike huanza kwa mkwaruzo, kisha hupokezana noti kwa kasi hata ukadhani anayeimba ni mmoja, huku wakiinamiana na kuinuka. Ukisikia hivyo tafuta ndege wawili waliokaa karibu.

Usiposikia kitu, nenda kwenye matunda. Mkuyu au mti mwingine wa jamii ya mtini ulioiva hauwakosi. Kagua pia virukia, ile mimea inayoota juu ya matawi ya miti mingine: zuwakulu wadogo hula matunda yake, kisha hutema mbegu zenye utomvu na kuzibandika tawini. Ndivyo kirukia kinavyohama kutoka mti hadi mti.

Tawi kavu lina mwenyewe

Karibu zuwakulu wote huchimba tundu wenyewe, na si la kutagia tu. Hulala humo mwaka mzima. Mdomo wao ni mzito lakini hauwezi mti mbichi mgumu. Wanahitaji mti mkavu ulioanza kulainika kwa ndani. Bustani iliyosafishwa kila tawi lililokufa haina zuwakulu anayelala hapo, hata matunda yakiwa tele. Kama tawi kavu liko juu ya paa au njia, usilikate hadi shinani: bakisha kigutu cha mita moja hivi chenye unene wa sentimita 12 au zaidi. Likiwa limeinama ni bora, kwa kuwa mara nyingi tundu huchimbwa upande wa chini, mvua isiingie.

Pasipo mti mkavu, mlingoti wa mkonge unafaa kuliko sanduku la mbao. Chagua uliokwisha kutoa maua na kukauka kabisa. Kata kipande cha chini, ndicho kinene, urefu wa sentimita 60 hadi 90. Ganda lake ni gumu na kiini ni laini kama sifongo, hali anayoitaka mchimbaji huyu. Funika kichwa cha juu kwa kipande cha ubao kilichotokeza mbele kidogo, maji yasinywee kwenye kiini. Kwa keekee au patasi, toboa kianzio chenye upana wa sentimita 4, sentimita 15 chini ya kichwa, ukipasua ganda tu na kuingia kiinini sentimita 2 au 3. Ishia hapo.

Wengi huharibu hapa. Wanamhurumia ndege na kumchimbia shimo zima, halafu wanashangaa mbona haji. Kuchimba ni sehemu ya kuchagua makao na kuandaa kiota. Mlingoti uliokwisha kuchimbwa huchukuliwa na ndege wa tundu wasioweza kuchimba, kama kwezi. Kianzio kipana mno kina hasara hiyohiyo. Kwa Pogoniulus, sentimita 2 zinatosha.

Funga mlingoti kwenye shina kwa waya mbili zilizopitishwa ndani ya mpira ili zisile gamba la mti, mita 2 hadi 4 kutoka ardhini, ukiinamisha kichwa mbele kidogo. Tundu lisielekee upande wa mvua ya upepo wala jua la alasiri. Usipake rangi wala vanishi. Vumbi la mbao chini ya mlingoti ndiyo habari njema. Kuanzia siku hiyo usiufungue wala kuugonga. Mayai ni meupe, kwa kawaida mawili hadi matano, na wazazi wote wawili huatamia. Yataanguliwa baada ya wiki mbili na siku kadhaa, kisha makinda hukaa ndani mwezi mmoja hivi au zaidi.

Huenda ukamwona ndege aitwaye mlembe akizungukazunguka hapo huku zuwakulu wakimfukuza kwa hasira. Wana haki: mlembe mdogo, Indicator minor, hutaga katika viota vyao, na kinda lake huzaliwa na ncha kali mdomoni ya kuwaulia makinda wenyeji. Inauma kutazama, lakini usiingilie. Naye ni ndege wa porini mwenye njia yake ya kuishi.

Ukitaka kuwalisha, papai, ndizi au chungwa lililokatwa nusu na kuchomekwa kwenye msumari latosha. Liondoe jioni, kabla halijachacha na kuleta siafu. Mkate na vyakula vya chumvi, hapana.

Tahadhari moja kwa wanaofyeka: zuwakulu Trachyphonus darnaudii wa Afrika Mashariki hachimbi mti kabisa. Huchimba shimo linaloshuka wima kwenye ardhi tambarare, na mlango wake hufanana na shimo la panya. Kabla ya kuziba shimo la namna hiyo, kaa mbali ulitazame asubuhi moja.

Barbet wa majini: kitana kabla ya maji

Mbwa huyu ana namba 105 katika orodha ya FCI, shirikisho la kimataifa la vilabu vya mbwa, sehemu ya mbwa wa maji. Dume husimama sentimita 58 hadi 65 begani, jike 53 hadi 61. Marekani, klabu ya mbwa ya AKC ilimpa utambulisho kamili mwaka 2020. Kazi yake ya asili ni kuwaleta ndege wa majini waliopigwa na mwindaji, na ndiyo maana ana utando kati ya vidole. Wafaransa wana msemo wa mtu aliyejaa matope: amechafuka kama Barbet.

Manyoya yake hupukutika kidogo sana, na watu husikia hilo wakadhani hayana kazi. Ni kinyume. Unywele uliokufa hauanguki sakafuni. Hunasa kwenye msokoto wa jirani yake na kuanza fundo. Fundo likilowa, nywele huvutana zaidi kadiri zinavyokauka, na kilichokuwa kidonge kidogo kinakuwa blanketi lililoshikamana na ngozi. Ndiyo sababu ya kanuni ya kwanza: mbwa mwenye mafundo haogeshwi. Chana kwanza, maji baadaye.

Vifaa ni vichache: brashi ya sindano nyembamba, kitana cha chuma chenye meno mapana upande mmoja na ya karibu upande wa pili, mkasi wenye ncha butu, na chupa ya kunyunyizia maji yenye dawa kidogo ya kulainisha manyoya ya mbwa. Nyunyiza umande tu, usilowanishe. Manyoya makavu kabisa hukatika kwenye brashi.

Mlaze ubavu. Anza kwenye unyayo wa nyuma ukipanda juu. Kwa mkono mmoja inua manyoya yote yaelekee juu na uyashike, kisha achia mstari wa sentimita 2 hivi ushuke. Ngozi ionekane. Piga brashi mstari huo kuanzia nchani, ukisogea kidogokidogo hadi shinani, halafu pitisha meno mapana ya kitana, mwisho ya karibu. Kitana kikitoka ngozini hadi nchani bila kugota, achia mstari unaofuata. Brashi pekee inadanganya: huteleza juu, mbwa akaonekana kama wingu, kumbe chini yake kumeshikamana. Kitana hakidanganyi.

Usiharakishe nyuma ya masikio, makwapani, kwenye kinena, chini ya ukanda wa shingo na kwenye ndevu. Hapo ndipo msuguano na unyevu hukutana. Manyoya ya sentimita 3 yanavumilia kuchanwa mara moja kwa wiki. Yakirefuka zaidi ya hapo, kila baada ya siku mbili. Kati ya takriban miezi 9 na 18, manyoya ya utoto yanapobadilishana na ya ukubwani, chana kila siku. Kipindi hicho ndicho kinachowashinda wengi, wakaishia kumnyoa mbwa kipara.

Fundo likikataa, lipasue kwa vidole kwanza. Likigoma, likate kwa urefu, kufuata unywele unavyoota, mara mbili au tatu, kisha chana vipande. Likiwa limegusa ngozi, penyeza kitana kati ya ngozi na fundo, ndipo ukate juu ya kitana. Mkasi usipite kamwe chini ya fundo bila kinga hiyo; ngozi ya mbwa huvutwa na fundo na kuinuka, nawe utaikata ukidhani ni manyoya.

Kuogesha, kukausha, masikio

Tumia maji ya uvuguvugu na shampuu ya mbwa, si ya watu, iliyozimuliwa kadiri chupa inavyoelekeza. Imwagwe ikiwa tayari imechanganywa, maana shampuu nzito haifiki ngozini na haitoki kwa urahisi. Suuza hadi maji yatoke safi, kisha suuza tena kwa muda huohuo: mabaki ya sabuni ndiyo chanzo cha mikuno mingi inayodhaniwa kuwa ni viroboto. Kamua manyoya kwa taulo, usiyasugue, kwani kusugua ni kufunga mafundo upya. Maliza kwa kikaushio cha upepo wa vuguvugu huku ukichana. Manyoya haya yakibaki na unyevu chini, ngozi huvunda na kutoa kidonda chekundu chenye majimaji katika muda wa siku moja tu.

Sikio lake limefunikwa na halipati hewa. Kila akitoka majini, kausha ndani ya ubawa wa sikio kwa kitambaa, na utumie dawa ya kusafishia masikio aliyoishauri daktari wa mifugo. Vijiti vya pamba visiingie ndani. Husukuma nta chini. Akitikisa kichwa mfululizo, sikio likinuka au likitoa nta ya kahawia, mpeleke kwa daktari kabla hujamwaga dawa yoyote.

Ndevu zifutwe kwa kitambaa chenye maji baada ya kila mlo, kisha zikaushwe. Bakuli jembamba lenye kina hupunguza makombo. Punguza nywele za kati ya nyayo zilingane na nyama ya unyayo, na ukiwa hapo tafuta mbegu za nyasi zenye miiba. Huingia ngozini na kuleta jipu.

Siku ya kwanza majini

Uogeleaji wenyewe hufundishwa polepole, ingawa damu yake ni ya maji. Anza kwenye kina cha kifundo cha mguu, mtangulie, umwache akufuate. Ukimtupa majini mara moja, hofu hiyo inaweza kudumu miaka. Vua ukanda wa shingo usije ukanasa kwenye kichaka, umvalishe koti la kuelea lenye mshikio mgongoni. Mrushie kitu bapa badala ya mpira mkubwa, kwa sababu mdomo ukipanuka sana humeza maji mengi, na maji kupita kiasi huvuruga chumvi ya damu na yanaweza kumuua. Dakika 10 hadi 15, kisha pumziko. Akianza kuyumba, kutapika au kutokwa na udenda mwingi, safari ni ya kwa daktari, si ya nyumbani.

Maji yenye utando wa kijani kama rangi iliyomwagika asiyaguse. Mwani wa aina hiyo waweza kuwa na sumu. Akitoka baharini msuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mkamue, mchane angali na unyevunyevu mdogo, na usimwache alale kabla makwapa na ndevu hazijakauka hadi ngozini.