Ardhi imepasuka shambani: tafuta chanzo kabla ya kufukia

Anza na umbo. Nyufa zilizosukana kama wavu kwenye udongo mweusi wa mbuga ni za ukame. Loanisha konzi ya udongo, usokote. Ukitoa uzi wa milimita 3 bila kukatika, ni udongo wa mfinyanzi, na mvua itazifunga nyufa hizo.

Ufa uliopinda kama mwezi mchanga juu ya mteremko unatisha zaidi. Pigilia kigingi kila upande, pima nafasi kwa utepe kila asubuhi. Ikiongezeka, walio chini wahame siku hiyohiyo.

Katika Bonde la Ufa, kama karibu na Mai Mahiu, Kenya, mwaka 2018, maji ya mvua husomba majivu ya volkano chini kwa chini, ganda la juu likaporomoka. Usisogelee ukingo: huenda chini yake ni patupu.