Kupanda Calmont, mlima wa zabibu wa Mto Mosel, hatua kwa hatua

Shemeji yangu alipokuja Bonn kutoka Dodoma Septemba iliyopita, aliona picha ya Calmont kwenye kalenda ya jikoni akacheka. "Shemeji, hawa wanavuna kwa ngazi?" Kwetu Dodoma shamba la zabibu ni tambarare: unapita kati ya mistari na ndoo yako, na kwa mwaka unavuna mara mbili. Huku wanavuna mara moja, na Calmont ni kama mtu amebandika mizabibu ukutani. Mteremko wake unafika nyuzi 65, na Wajerumani wanautaja kuwa shamba la mizabibu lenye mwinuko mkali kuliko yote Ulaya. Upo magharibi mwa Ujerumani, kati ya vijiji vya Ediger-Eller na Bremm, na Mto Mosel unajikunja miguuni pake kama nyoka aliyeshiba.

Nilimpeleka, akarudi mzima, akawasimulia wenzake, na sasa simu haziishi. Naandika mara moja, anayeuliza nimtumie hii.

Hatua ya 1: Chagua siku kavu

Siku ya mvua usiende. Siku inayofuata mvua pia usiende. Asubuhi kabla ya kutoka, tazama tovuti za vijiji hivyo viwili, maana njia hufungwa mawe yakiporomoka. Neno la kutafuta ni *gesperrt*. Ukiliona, lala tena.

Hatua ya 2: Viatu, na vitu vya kuacha nyumbani

Viatu vya kupandia mlima, vyenye soli ngumu ya meno, vinavyoshika kifundo. Raba za kukimbilia nimeona watu wanazo, na nimeona pia wanavyoteremka kwa makalio. Maji lita moja na nusu kwa mtu, kofia, glovu nyepesi za bustani kwa sababu nyaya za chuma huchoma juani. Basi.

Fimbo za kutembelea acha. Najua kuna watu wanazipenda kama mguu wa tatu, lakini kwenye ngazi unahitaji mikono yote miwili, na fimbo inayoning'inia mkononi itamchoma macho anayekufuata. Mkoba mkubwa nao acha, utakusukuma nje pale ukuta unapojitokeza.

Hatua ya 3: Treni (soma yote, tafadhali)

Hapa ndipo nilipopoteza nusu siku mara ya kwanza, nikiwa peke yangu, na Kijerumani changu kikiwa cha miezi sita.

Unafika Koblenz kwanza, mahali Mosel unapoingia Rhine. Hapo unabadili treni. Kuna treni za aina mbili zinazofuata Mosel kwenda Trier, na zote mbili zimeandikwa Trier. Ya haraka ni RE1. Ya polepole, inayosimama kila kijiji, ni RB81. Unataka RB81. RE1 haisimami Ediger-Eller. Mimi niliikuta RE1 imesimama, milango wazi, imeandikwa Trier, nikaingia nikijiona mjanja.

Hadi Cochem yote yalikuwa mazuri. Kisha treni ikaingia gizani. Hilo ni handaki la Kaiser Wilhelm, lenye urefu wa mita 4,200 hivi, lililochimbwa karne ya 19 kukata mlima ili reli isiufuate mto kwenye mizunguko yake. Sasa sikiliza vizuri: stesheni ya Ediger-Eller iko pale pale handaki linapoishia. Nuru ikarudi, nikaona kibao cha kituo changu kikipita dirishani kwa kasi, kisha daraja, kisha handaki jingine. Nilishushwa Bullay.

Kwa hiyo hata ukiwa ndani ya RB81, ukishaondoka Cochem simama, vaa mkoba, nenda mlangoni. Usisubiri uone kijiji kwanza, maana kwenye handaki hakuna cha kuona, na ukitoka umeshafika. Vituo vingine vidogo milango haifunguki yenyewe: bonyeza kitufe. Shemeji alisimama mbele ya mlango akiungoja kwa adabu, nikabonyeza mimi.

Turudi Bullay. Pale kuna daraja la ghorofa mbili la mwaka 1878, treni juu na magari chini, na ningelifurahia kama nisingekuwa na haraka. Niliona treni ndogo imesimama upande wa pili, nikaipanda nikiamini inarudi nilikotoka. Hairudi. Hiyo huenda Traben-Trarbach, ambako reli inaishia kabisa. Kutoka Bullay kurudi Eller tafuta RB81 inayoelekea Koblenz, na usome kibao kwanza, usisome matumaini yako.

Na Traben-Trarbach ndiko nilikofanya kosa langu la tatu. Nilimuuliza mzee mmoja treni ya kurudi ni saa ngapi. Akajibu *halb zwölf*. *Zwölf* nilijua ni kumi na mbili, *halb* ni nusu, nikajumlisha: saa kumi na mbili na nusu kwa hesabu ya Kizungu, yaani saa sita na nusu mchana. Nikaenda kunywa kahawa. Kumbe Mjerumani hahesabu nusu iliyopita, anahesabu nusu ya kuelekea. *Halb zwölf* ni nusu kuifikia kumi na mbili: saa tano na nusu yetu. Treni ilikuwa imeondoka zamani, nami nikapanda iliyofuata bila hata kujua kwamba nimepoteza saa nzima. Nilikuja kuelewa wiki mbili baadaye, darasani, na nikacheka peke yangu hadi mwalimu akasimama. Wewe hapa unageuza mara mbili, kutoka nusu yao kwenda nusu yetu, kisha kutoka saa zao kwenda saa zetu. Usiamini kichwa chako. Mwombe anayekuelekeza aonyeshe kwenye simu, kwa tarakimu.

Nilifika Eller saa nane mchana, Oktoba, jua limeshaanza kuinama. Sikupanda kitu. Nilitembea barabara ya chini hadi Bremm, nikautazama mlima, nikarudi.

Tiketi: kama unaishi Ujerumani na una Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya usafiri wa mikoa nchi nzima, inatosha kwa treni zote hizi za mkoa. Kwenye ICE, treni za kasi za masafa marefu, usiingie nayo. Panga ufike Eller kabla ya saa tano asubuhi.

Hatua ya 4: Kutoka stesheni

Fuata vibao vya Calmont-Klettersteig, yaani njia ya kupandia yenye nyaya na ngazi. Huwezi kupotea.

Hatua ya 5: Njia yenyewe

Ni kama kilomita tatu tu, lakini tenga saa tatu. Anayekwambia alitumia saa moja na nusu, muulize aliona nini.

Njia inapita katikati ya ukuta wa mlima, mara kwenye vitaraza vya mizabibu, mara kwenye mwamba mtupu. Penye mwamba wamefunga nyaya za chuma, vikanyagio na ngazi. Wengi hupita bila mikanda ya usalama, nasi tulipita hivyo, ila mtoto mfunge kamba. Mwenye kizunguzungu cha kimo asijilazimishe. Si aibu: kuna njia ya juu ukingoni mwa mlima na ya chini kando ya mto, na wote mtakutana Bremm.

Kanuni yangu ni moja: kwenye ngazi mtu mmoja kwa wakati, uso ukutani, kupanda na kushuka. Mkikutana na wanaotoka Bremm, aliye mahali papana ndiye anayesubiri. Sema *Hallo*, jibanze upande wa mlima, wapite kwa nje wao. Upole una mipaka yake.

Ardhi yote ni mawe ya sleti, yale yale ya vibao walivyoandikia wazee wetu shuleni. Yanamwagika chini ya kiatu kama vigae vilivyovunjika, ndiyo maana nilisisitiza soli. Lakini ndiyo siri ya mahali hapa pia. Sleti hunywa joto la jua mchana na kulitoa usiku, na mteremko unaoangalia kusini unakusanya jua lote, ndiyo sababu zabibu ya Riesling, inayochelewa kuiva, inaiva katika nchi ya baridi kama hii. Shemeji aliweka kiganja kwenye ukuta wa mawe saa sita mchana akakitoa haraka. "Dodoma kabisa," akasema.

Utaona reli moja nyembamba yenye meno ikipanda moja kwa moja kati ya mizabibu. Ni kigari cha mkulima, maana trekta haiwezi kusimama hapa. Usikikalie kupiga picha. Na zabibu usichume, hata moja. Kila shada limepandiwa na mtu kwa magoti yake, na mashamba mengi ya mlima huu yaliachwa yakawa vichaka kwa sababu ya kazi hiyo. Ukija Juni unaweza kumwona kipepeo Apollo, mweupe mwenye madoa mekundu.

Ukibakiwa na pumzi, panda hadi msalabani kileleni, karibu mita 290 juu ya mto. Kutoka huko ndipo unaiona kona nzima ya Mosel, na ndani yake magofu ya monasteri ya Stuben, iliyoanzishwa 1137. Sisi tulikaa pale tukala chapati za jana. Hazijawahi kuwa tamu hivyo.

Hatua ya 6: Bremm, na kurudi

Shuka Bremm. Tafuta nyumba yenye ufagio au tawi lililotundikwa getini: hiyo ni *Straußwirtschaft*, mkulima anauza mvinyo wake mwenyewe uani. Sheria inamruhusu miezi minne tu kwa mwaka na viti visivyozidi 40, kwa hiyo ukikuta pamefungwa usigonge. Usiyekunywa omba *Traubensaft*, juisi ya zabibu. Kunywa baada ya kushuka, kamwe si kabla.

Kurudi, ama tembea kando ya mto hadi Eller, ama upande mwingine hadi darajani, uvuke, upande RB81 kituo cha Neef. Mimi napenda Neef kwa sababu ya daraja.

Kama ni msimu wa mavuno utauziwa *Federweißer*, mvinyo mchanga ambao bado unachachuka. Kifuniko chake hakizibi kabisa, kwa makusudi, ili hewa itoke na chupa isipasuke. Ibebe mkononi, wima, hadi nyumbani. Shemeji aliilaza ndani ya mkoba, juu ya pasipoti.