Kabla ya kununua Leica ya "toleo maalumu", fungua lenzi kwanza

Ukiona mtandaoni Leica ya zamani (kamera ya Kijerumani) imepakwa rangi ya dhahabu, imechorwa tai au nembo ya jeshi la Ujerumani, na bei yake ni ya kutupa, tulia. Nyingi ya hizo ni FED au Zorki, kamera za Kisovieti zilizoiga Leica, kisha mafundi wakazichonga maandishi mapya. FED zilianza kutengenezwa Kharkov mwaka 1934. Zorki zikafuata mwaka 1948, karibu na Moscow.

Mwombe muuzaji afungue lenzi aitoe kwenye kamera, na akupigie picha ya ndani ya mdomo wa kamera. Kwa juu kuna mkono mdogo wa chuma unaogusa lenzi ili kupima umbali. Kwenye Leica halisi ncha yake ni kigurudumu cha duara kinachozunguka. Kwenye FED na Zorki ni kipande kigumu kama ulimi, hakizunguki. Maandishi ya juu hughushiwa kirahisi, ila huo mkono wengi hawahangaiki nao.

Kwa matoleo maalumu ya karibuni, kama yale ya Leica M6, ulizia boksi, cheti, na kama namba zake zinalingana na ya kwenye mwili wa kamera. Bila hivyo usilipe bei ya mkusanyaji. Na "haijawahi kutumika" isikulevye: kamera iliyolala kabatini miaka 30 grisi yake huganda, kwa hiyo tenga pesa ya fundi. Jaribu shata (pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia) kwa kasi ya sekunde 1. Ikikwama, omba upunguziwe bei.