Jinsi ya kuomba kibali cha ujenzi Dodoma kwa mchoro unaopunguza joto na gharama za umeme

Tanzania haina kibali cha nishati kinachotolewa peke yake kwa ajili ya nyumba ya kuishi au jengo la biashara. Kinachoombwa ni kibali cha ujenzi, ambacho ndani ya Jiji la Dodoma hutolewa na Halmashauri ya Jiji tangu Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, tuliyoizoea kwa jina la CDA, ilipovunjwa mwaka 2017, halmashauri ikiwa bado ya manispaa. Kwa hiyo mtu anayetaka jengo lisilomlazimu kuwasha kiyoyozi mchana kutwa ana mahali pamoja pa kulisimamia jambo hilo kwa maandishi, napo ni kwenye mchoro anaouwasilisha halmashauri. Kisichochorwa fundi hakijengi, na kitakachobadilishwa baada ya kibali kutoka kitahitaji mchoro mwingine na idhini nyingine.

Anza na nyaraka za kiwanja. Andaa hati miliki au barua ya toleo, ramani ya upimaji inayoonyesha mipaka na mawe ya kiwanja, risiti za kodi ya pango la ardhi, na kitambulisho cha taifa. Kama kiwanja kilinunuliwa na bado kinasomeka kwa jina la mwenye awali, maliza uhamisho kwanza. Hakikisha pia kwamba matumizi unayokusudia yanalingana na yale yaliyoandikwa kwenye hati, kwa maana Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 hairuhusu kiwanja cha makazi kigeuzwe duka au ofisi kimyakimya. Kubadili matumizi ni maombi mengine kabisa.

Hatua inayofuata ndiyo yenye uzito kuliko zote, nayo ni kumpa mchoraji maelekezo. Watu wengi humkabidhi picha waliyoiona kwenye simu, kisha hushangaa nyumba inapokuwa tanuri ifikapo Oktoba. Mpeleke mchoraji kiwanjani, mwonyeshe mashariki ni wapi na upepo wa kiangazi unatokea upande gani, ndipo mzungumze vyumba. Dodoma iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, hivyo kuanzia karibu tarehe 9 Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la mchana hupita upande wa kusini, na miezi iliyobaki hupita kaskazini, ilhali asubuhi na jioni mwaka mzima hupiga kuta za mashariki na magharibi likiwa chini, mahali ambapo upenu hauwezi kulizuia. Mwombe mchoraji aulaze mgongo mrefu wa jengo kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini, na ukuta wa magharibi apangie stoo, choo au ngazi.

Vipimo vya vivuli, yaani vibao vya zege vinavyotokeza juu ya madirisha, navyo viandikwe kwenye mchoro, visiachiwe fundi akisie. Dirisha lenye kimo cha mita 1.2 upande wa kaskazini huhitaji kivuli kinachotokeza karibu sentimita 70, kikiwa juu yake tu, ili jua la mchana la mwezi Juni lisiingie. Upande wa kusini karibu sentimita 40 zinatosha kwa jua la mchana la Desemba. Hapa ndipo ninapopata shida na mtindo wa paa la kuficha, lililozungushiwa ukuta juu, unaopendwa sasa katika viwanja vipya vya Iyumbu, Nzuguni na Njedengwa, kwa sababu paa hilo huondoa upenu wote na kuacha ukuta na kioo vikiwa wazi juani. Anayelitaka alichukue, ila achore vivuli vya zege juu ya kila dirisha.

Paa lenyewe lichorwe kwa kina zaidi, maana mwezi Oktoba na Novemba, wakati joto la Dodoma limefika juu kabisa, jua la mchana huwa karibu na utosi na bati ndilo linalopokea sehemu kubwa ya mionzi. Andika rangi ya bati. Bati jeupe au la rangi iliyopauka hurudisha joto jingi kuliko bati la msauzi la kijivu iliyokolea au wekundu wa damu ya mzee. Onyesha matundu chini ya upenu na matundu mengine juu karibu na kilele, ili hewa ya moto iliyonaswa kati ya bati na dari itoke, na chini ya kenchi uweke karatasi yenye uso wa fedha inayorudisha joto. Wagogo walilimaliza tatizo hili kwa tembe, lenye kuta nene na paa bapa la udongo ambalo huchelewa kupitisha joto la mchana hadi usiku, wakati nje kumeshapoa. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na usiku wake hupoa vizuri, hivyo ukuta mzito wa tofali pamoja na madirisha yanayofunguka usiku ni mpango unaoifaa hali hiyo. Angalizo dogo kuhusu dirisha la aluminiamu la kusukuma: hufunguka nusu tu, kwa hiyo dirisha la bawaba la ukubwa uleule huingiza hewa karibu maradufu.

Kwa jengo la biashara, kioo ndicho cha kuogopa. Nimewahi kuingia saa tisa alasiri katika ofisi moja ambayo ukuta wake wote wa magharibi ni kioo. Mapazia yalikuwa yamefungwa, taa zote zinawaka, na viyoyozi vinanguruma. Mwenye jengo alilipia mwanga wa jua, kisha akalipia kuuzuia. Gharama yake inahesabika. Kiyoyozi kinachovuta kilowati 1 kwa saa 8 kila siku hula uniti 240 kwa siku 30, na kwa bei ya T1, kundi la wateja wa matumizi ya kawaida, iliyoidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016, yaani Sh 292 kwa uniti, hizo ni Sh 70,080 kabla ya kodi, kwa chumba kimoja.

Marekani wana kanuni ya IECC ya kubana matumizi ya nishati katika majengo, yenye sehemu ya nyumba na sehemu ya majengo ya biashara, inayopitiwa kila baada ya miaka 3 na kupangwa kwa kanda za hali ya hewa. Mwekezaji anayetaka kipimo kinachotambulika hapa kwetu anaweza kuomba kwa hiari cheti cha EDGE cha majengo yanayobana matumizi, kilichoanzishwa na IFC ya Kundi la Benki ya Dunia. Mradi husajiliwa mtandaoni, usanifu huonyesha kupunguza kwa angalau asilimia 20 nishati, maji na kaboni inayotokana na kutengeneza vifaa vya ujenzi, mkaguzi huuhakiki, cheti cha awali hutolewa, na cheti kamili hufuata jengo likishakaguliwa. Uamuzi huo ufanywe kabla mchoro haujafungwa.

Mchoro ukikamilika, uwe na ramani ya sakafu, sura za pande zote, mkato (jengo linavyoonekana likipasuliwa wima), msingi, paa, nafasi ya jengo ndani ya kiwanja na mfumo wa majitaka, pamoja na jina na sifa za aliyeuchora. Jengo la ghorofa huongezewa michoro ya mhandisi. Maombi huwasilishwa kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, ambako utajaza fomu na kupakia nyaraka, kisha utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo. Usimlipe mtu mkononi. Wataalamu wa ardhi, mipango miji, afya, uhandisi na zimamoto huupitia mchoro, na wakiurudisha na hoja, jibu kila hoja kwa kurekebisha mchoro wenyewe. Miradi mikubwa huhitaji pia cheti cha mazingira kupitia taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira.

Kibali kikitoka, soma tarehe ya ukomo wake na masharti yaliyoambatishwa, weka nakala kiwanjani, na mjulishe mkaguzi wa halmashauri kabla ya kumwaga zege la msingi. Wewe mwenyewe fika siku ya lenta, yaani mkanda wa zege juu ya madirisha, ukiwa na futi, kwa kuwa siku hiyo ndipo vivuli vya madirisha hufungwa nondo. Sentimita 70 zikisukwa 40, hakuna atakayezirefusha baadaye. Kazi ya nyaya apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, kisha omba kuunganishiwa umeme kupitia NIKONEKT, huduma ya maombi ya mtandaoni ya TANESCO, ukitaja umeme wa njia moja au wa njia tatu kulingana na mzigo wa umeme uliobaki baada ya hesabu zote hizi.