Meya dhidi ya OCD: namna ya kuandika tamthilia ya redio ya Dodoma

Miswada mingi ya aina hii hufia ukurasa wa tatu. Meya anapandwa na hasira, anamwita mkuu wa polisi ofisini, anafoka, "Kesho nisikuone kwenye jiji langu!" na mkuu wa polisi anatoka kichwa chini. Hiyo ni sinema ya Marekani. Msikilizaji wa Majengo au Nkuhungu atacheka, maana anajua meya wa kwetu hana ubavu wa kumfukuza hata konstebo.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno, chora nani yuko chini ya nani. OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, anawajibika kwa RPC, kamanda wa polisi wa mkoa; RPC kwa IGP, mkuu wa polisi wa nchi nzima, na IGP yuko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Meya huchaguliwa na madiwani wenzake, huongoza vikao vya Baraza la Madiwani, na basi. Mtendaji mkuu wa jiji ni Mkurugenzi, mteule wa Rais. Kamati ya usalama ya wilaya inaongozwa na Mkuu wa Wilaya. OCD anakaa humo, meya hana kiti. Tena chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, Mkuu wa Wilaya anaweza kuagiza mtu awekwe ndani hadi saa 48. Tafsiri yake kwa mwandishi: meya wako akikosea hatua, anaweza kulala rumande kabla ya OCD kuguswa. Hofu hiyo ndiyo injini ya tamthilia nzima, usiipoteze kwa kumpa meya nguvu asizokuwa nazo.

Angalia na mwaka. Dodoma ilipandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 2018. Kabla ya hapo ilikuwa manispaa, nayo ilikuwa na meya. Ukiweka kisa chako 2015, ugomvi wa viwanja utakuwa wa CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu iliyovunjwa 2017, wala si wa halmashauri.

Sasa ubovu wa OCD. "Fisadi" peke yake haisikiki redioni. Chagua kosa moja dogo lenye namba, kisha lirudie hadi linuke. Bodaboda ni chaguo zuri: mwaka 2021 faini ya pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa moja, na hulipwa kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali. Katika kituo chako cha kubuni, vijana wanatoa 30,000 ile ile, taslimu, bila risiti, ndipo wanarudishiwa funguo. Msikilizaji anajua bei halali, kwa hiyo huhitaji mhusika wa kumweleza kuwa huu ni wizi. Njia nyingine ni dhamana inayouzwa wakati kila mtu anajua dhamana ya polisi haina malipo, au mama aliyepigwa anayezungushwa siku nzima akisubiri PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Usizitumie zote tatu katika kipindi kimoja. Kipindi cha dakika 15 kinabeba kurasa 12 hadi 15 na si zaidi ya mandhari nne. Ukizidisha, msikilizaji anapoteza nani yuko wapi.

Meya afanye nini? Akusanye. Hapa ndipo waandishi wengi huchoka na kurukia mkutano wa hadhara, na ndipo penye utamu wenyewe. Wenyeviti wa mitaa wanaandika majina, tarehe, namba za pikipiki na kiasi kilichotolewa. Diwani analiingiza suala kwenye taarifa ya kata yake, ili lisomwe Barazani mbele ya watu na kuingia kwenye muhtasari. Baraza la kawaida hukaa kila robo mwaka, hivyo meya akikosa kikao kimoja ana miezi mitatu ya kusubiri huku OCD akitafuta nani aliyeandika majina. Kipindi kizima kinaweza kuishi ndani ya miezi hiyo. Kisha barua: kwa RPC, nakala kwa Mkuu wa Wilaya. Penye hela ya rushwa kuna TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa; penye kipigo au mtu aliyezuiwa kupita saa 24 bila kufikishwa mahakamani kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Mkurugenzi mfanye mtu wa katikati, mwoga kidogo, anayependa kusema "tulipeleke kwa utaratibu." Kila ofisi ina mtu kama huyo.

Wanapokutana, wasigombane. Heshima ndiyo silaha:

MEYA: Karibu OCD. Habari za kazi?
OCD: Salama, Mstahiki.
MEYA: Kuna pikipiki kumi na nne uani kwako tangu Ijumaa.
OCD: Ziko salama kabisa, Mstahiki.
MEYA: Sikuuliza usalama wake. Nimeuliza kontroo namba.
OCD: (KIMYA KIDOGO) Mstahiki hajaniuliza hivyo.
MEYA: Basi ndiyo nakuuliza.

Askari wa chini humwita OCD "afande". Meya hamwiti hivyo, na akimwita, iwe ni kwa kejeli. Kituo kisikike: simu ya upepo ikikwaruza, muhuri, kitasa cha mahabusu. Kama ni Julai, weka upepo kwenye mabati, lakini punguza sauti yake, maana hufunika maneno.

Mwisho usiwe pingu. Kinachoaminika zaidi ni uhamisho: OCD anapangiwa wilaya nyingine, sababu haitajwi, na meya anaipata habari kwa dereva wake kabla ya barua. Vijana wanapata pikipiki, hela hairudi. Ukitaka kesi ya rushwa mahakamani, iandalie msimu wa pili, na shahidi wake awe mtu tuliyemsikia tangu kipindi cha kwanza.

Mswada ukikamilika, mpe diwani mstaafu na askari mstaafu wausome kila mmoja peke yake. Wakiwa pamoja watabishana, na wewe hutapata masahihisho.